Gari Lililoingia Maji: Wajibu wa Muuzaji na Haki ya Mnunuzi

(Mada iliyotolewa baada ya Swala ya Isha katika mmoja wa misikiti ya Upanga, Dar es Salaam, mara baada ya kumalizika kwa mvua za masika)

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.



Abu Hurayra (R.A.) amepokea kisa kilichomo katika Sahihi Muslim, ambacho wengi wetu tumekisikia tangu tukiwa madrasa. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akakuta rundo la chakula linauzwa. Akatia mkono wake ndani ya rundo, na vidole vyake vikakuta majimaji. Alipomuuliza mwenye mali, akajibiwa kuwa chakula kile kilinyeshewa na mvua. Hapo Mtume akamhoji kwa nini basi hakukiweka kilicholowa juu ili watu wakione, na akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja naye.

Tumekileta kisa hiki kwa sababu moja. Chakula kile hakikulowa kwa kosa la muuzaji. Mvua ilinyesha, na mvua haina mwenyewe duniani. Wala Mtume hakumkataza kuuza kilicholowa. Kosa la mtu yule lilikuwa ni mpangilio tu: kikavu juu, kibichi chini. Na mpangilio huo ndio unaotumika leo katika biashara ya magari ya mtumba hapa mjini kila masika yanapokwisha.

Sote tunalijua Bonde la Jangwani. Mtu akitoka hapa akafika Faya, akashuka na Barabara ya Morogoro, anakuwa bondeni kabla hajapata joto. Mto Msimbazi unatoka huko juu katika vilima vya Pugu, unakusanya maji ya mitaa mingi ya jiji, kisha unayaleta hapo kabla ya kuyamwaga baharini Salander. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na baadhi ya waliookoka wakahamishiwa Mabwepande. Maji yalirudi 2014, yakarudi 2018, na mvua za mwishoni mwa 2023 hadi Mei 2024 hazikutupa nafasi ya kusahau. Hata kituo cha mabasi yaendayo haraka kilichojengwa bondeni kimefunikwa na maji zaidi ya mara moja. Ikiwa kampuni yenye mafundi wake na walinzi wake imeshindwa kuyaokoa mabasi yake yote, basi gari la mtu mmoja lililoachwa uani usiku litasalimika vipi? Na sisi wa Upanga tusijione tuko juu ya kilima. Maghorofa yetu mengi yana maegesho chini ya ardhi, na pampu ikishindwa kazi usiku mmoja, asubuhi magari yanaonekana mapaa tu.

Swali ni hili: magari hayo huenda wapi? Hayatupwi. Gari lenye bima kubwa hulipwa na kampuni ya bima, kisha mabaki yake huuzwa kwa mnada. Anayeyanunua huyakausha, huyasafisha na kuyarudisha sokoni. Gari lisilo na bima hiyo hukaushwa na mwenyewe na kuuzwa na mwenyewe. Katika njia zote mbili hakuna dhambi ndani yake mpaka pale kilichobichi kinapowekwa chini. Kadi ya gari haitakusaidia hapo. Inataja rangi, injini, chesisi na mwaka wa kutengenezwa, lakini haina nafasi ya kueleza kwamba gari liliwahi kuzama.

Wala tusidhani kwamba tatizo hili ni la Jangwani pekee. Tarehe 16 Aprili 2024 Falme za Kiarabu zilipata mvua ambayo haijawahi kuandikwa tangu kumbukumbu zao zianze mwaka 1949. Eneo la Khatm Al Shakla, Al Ain, lilipokea milimita 254.8 katika muda usiofika saa 24. Dar es Salaam hupata milimita elfu moja na kidogo kwa mwaka mzima, kwa hiyo wenzetu walipokea karibu robo ya mwaka wetu ndani ya siku moja. Barabara za Dubai zilijaa magari yaliyozama. Nasi tunafahamu kuwa Dubai ina yadi zinazohifadhi magari ya usukani wa kulia kwa ajili ya soko la Afrika Mashariki. Hatusemi kwamba kila gari la Dubai limezama. Kusema hivyo ni dhulma. Tunasema anayenunua gari lililokuwa huko wakati ule anayo haki ya kuuliza.

Kwa magari ya Japani kuna msaada zaidi. Gari lililopita katika mnada wa huko hukaguliwa na kuandikiwa karatasi, na lile lililozama huandikwa neno kansui, yaani lililofunikwa na maji. Karatasi hiyo inaweza kutafutwa kwa namba ya chesisi. Lakini asiyesoma Kijapani asitosheke na karatasi anayopewa na muuzaji mwenyewe pamoja na tafsiri ya muuzaji mwenyewe. Aitafute kwa njia nyingine, kisha alinganishe.

Ndugu zetu, sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tuichague mada hii. Wazee wa msikiti waliletewa shauri, na wahusika wote wawili wameridhia litajwe bila majina yao. Mwalimu mmoja mstaafu alitoa sehemu ya kiinua mgongo chake akanunua gari dogo ili aweze kumpeleka mkewe kliniki Muhimbili bila kuhangaika. Muuzaji ni mtu wanayeswali naye safu moja. Mwalimu hakufungua hata boneti. Alipoulizwa na wazee kwa nini, alijibu kuwa aliona haya kumkagua ndugu yake katika imani, kana kwamba anamtuhumu. Baada ya wiki sita taa za dashibodi zilianza kuwaka na kuzima zenyewe. Baada ya wiki nane gari lilizima barabarani na mgonjwa akiwa ndani, jua la saa saba likiwaka. Fundi alipoinua kapeti alikuta tope lililokauka lenye nyufa kama shamba la mpunga wakati wa kiangazi.

Haya ya mwalimu ni haya iliyokosa mahali pake. Kukagua mali unayoinunua si kumdhania vibaya muuzaji. Mtume (S.A.W.) alitia mkono wake ndani ya rundo kabla hajajua chochote juu ya mtu yule. Na aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote, inawaelekeza waumini waandikiane madeni yao na waweke mashahidi wanapouziana. Wanaoambiwa hivyo ni waumini wao kwa wao. Kwa hiyo muuzaji atakayesema, "Kwani huniamini, sheikh wangu?" ajibiwe kwa upole kwamba imani ipo, na kapeti nalo litainuliwa.

Tueleze basi namna ya kukagua, kwa kadiri tulivyoelekezwa na mafundi wa Gerezani ambao wameyafungua magari haya kwa mikono yao.

Nenda mchana, jua likiwa kali, na uombe gari lifungwe vioo vyote kwa nusu saa kabla hujaingia. Ukifungua mlango, vuta pumzi kwanza kabla ya kuangalia chochote. Harufu ya ukungu, ya nguo iliyofuliwa ikakosa jua, haifichiki kwenye joto. Ukikutana na manukato makali, jiulize yanafunika nini. Washa kiyoyozi, kisha uvute hewa tena, kwa maana unyevu hukaa ndani ya njia za hewa hata baada ya siti kukauka.

Kisha vuta mkanda wa usalama mpaka mwisho wake kabisa. Hapa ndipo wengi wao hukamatwa. Aoshaye gari huosha sehemu ya mkanda inayoonekana, lakini ile iliyojikunja ndani ya nguzo ya mlango hubaki na mstari wa tope. Mstari huo pia hukueleza maji yalifika kimo gani. Inua kapeti pembeni, siyo zulia la juu linaloondolewa, bali lile lililobandikwa sakafuni, na uguse sponji iliyo chini yake. Tazama skurubu za siti zilipofungwa sakafuni: kutu yake hailingani na umri wa gari. Fungua buti, toa tairi la akiba, angalia shimo lake. Mchanga laini wa mtoni uliokwama kwenye kona hiyo haukuja kwa njia ya tairi. Tazama taa za mbele na za nyuma kama zina ukungu ndani, na kama taa ni mpya kwenye gari kuukuu, uliza sababu. Vivyo hivyo kapeti jipya katika gari la miaka 15.

Chini ya boneti, chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili iliyochanganyika na maji huwa na rangi ya chai ya maziwa. Usiishie kwenye injini; angalia na oili ya gia boksi, maana wapo wanaobadilisha ya injini na kuiacha ya gia. Fungua kasha la eya klina. Karatasi yake ikiwa na mawimbi au alama ya maji, fahamu kwamba injini ilivuta maji. Hili ni zito. Hewa hubanika ndani ya silinda lakini maji hayabaniki, na pistoni inapoyasukuma, mkono wake hupinda. Injini yenye mkono uliopinda kidogo inaweza kutembea miezi kadhaa kabla ya kuvunjika, na ikivunjika haichagui mahali.

Hata hivyo, adui mkubwa wa gari la kisasa siyo maji ndani ya injini bali maji ndani ya nyaya. Injini hufunguliwa ikasafishwa ikapona. Nyaya zimepita chini ya kapeti, ndani ya milango na nyuma ya dashibodi, na soketi zake huliwa na kutu ya kijani polepole, mwezi baada ya mwezi. Ndiyo sababu gari la mwalimu lilitembea wiki sita bila neno. Kwa hiyo usiende na fundi wa injini peke yake. Nenda na fundi umeme. Mwombe achomoe soketi mbili tatu zilizo chini, karibu na sakafu, atazame vichwa vya nyaya. Jaribu kila swichi: vioo vyote, vipangusio, honi, redio, taa ya buti. Rudia mara mbili.

Washa swichi bila kuwasha injini, na uitazame taa ya mifuko ya hewa kwenye dashibodi. Inatakiwa iwake, kisha izime. Isipozima kuna hitilafu. Isipowaka kabisa ni vibaya zaidi, kwa sababu yawezekana kuna mtu aliiondoa ili usiione. Kidhibiti cha mifuko hiyo katika magari mengi kimefungwa katikati, chini, karibu na gia. Maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu yanatosha kukifikia. Gari la namna hiyo linaweza kutembea vizuri kila siku na lisikulinde siku ya ajali. Fundi akiwa na mashine ya kusoma hitilafu, aiunganishe. Mashine ikionesha kwamba kumbukumbu imefutwa karibuni na vipimo vya gari havijakamilika, muuzaji aulizwe nini kilifutwa.

Magari ya haibridi yana betri kubwa yenye umeme mkali, mara nyingi chini au nyuma ya siti ya nyuma. Likiwa limezama hilo, liacheni. Msimguse wala msimwache fundi wa kubahatisha aliguse.

Je, kila gari lililoingia maji ni la kuachwa? La. Tunaona watu wawili wanakosea hapa: anayeficha na anayekimbia kila tone. Maji ya mvua yaliyofika sakafuni tu, yakatolewa siku hiyo hiyo, kapeti likang'olewa na kuanikwa, si msiba. Gari hilo linanunulika kwa bei iliyopunguzwa, maadamu nyaya na kidhibiti tulichokitaja vimekaguliwa. Maji yaliyopita siti ni habari nyingine. Maji yaliyofika dashibodi, au maji yenye chumvi ya kimo chochote ndani ya gari, hatumshauri mtu yeyote mwenye gari moja tu maishani kuyachezea. Na tukumbuke kuwa huku kwetu, karibu na Salander, mto hukutana na bahari. Bahari ikijaa wakati mto umefurika, huwezi kujua maji yaliyoingia yalikuwa ya nani.

Ama hukumu ya sheria. Kasoro iliyokuwepo kabla ya mauzo, ikafichwa au isijulikane, humpa mnunuzi khiyari ya kurudisha mali na kuchukua fedha yake. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wa watu wa pwani wanayafuata, haki hii inataka haraka: ukishaijua kasoro kisha ukaendelea kulitumia gari wiki mbili tatu, umeonesha umeridhika. Wanaogundua tope leo wakasubiri mwisho wa mwezi wanajipunguzia haki yao wenyewe. Mahakamani nako kuna jambo la kuzingatia. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, haimlindi mnunuzi aliyeikagua mali dhidi ya kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuifichua. Kwa hiyo kukagua nusunusu kwa kuogopa kumuudhi mtu kunaweza kukudhuru.

Muuzaji katika shauri letu alijitetea kwa maneno ambayo kila dalali anayajua: "Nilimuuzia kama alivyoliona." Wazee walimsomea kisa kilichomo katika Muwatta ya Imamu Malik. Abdullah bin Umar (R.A.) alimuuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la kutowajibika kwa kasoro. Mnunuzi akagundua maradhi, shauri likafika kwa Khalifa Uthman (R.A.). Uthman akaamua Ibn Umar aape kwamba alipouza hakuwa na maradhi aliyoyajua. Ibn Umar hakutaka kuapa, akampokea mtumwa wake. Baadaye mtumwa akapona, akamuuza kwa dirhamu 1,500. Wanachuoni wametofautiana juu ya sharti lile, lakini kwa hukumu hii ya Uthman halimfuniki mtu aliyeijua kasoro akanyamaza.

Baada ya kusomewa, muuzaji alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema lililokuwa moyoni mwake: kwamba yeye pia aliuziwa hivyo hivyo na dalali, akaligundua tope baada ya miezi miwili, dalali hapatikani kwa simu, naye alikuwa na ada ya shule ya watoto watatu. Hakutaka kumdhulumu mwalimu. Alitaka hasara isiishie kwake.

Hapa ndipo penye uzito wa mada yetu, kwa kuwa wengi wanaouza magari haya si matapeli. Ni watu waliotapeliwa. Aliyedanganywa ana haki juu ya aliyemdanganya: amrudishie gari, na hilo likishindikana kwa sababu gari limepata kasoro nyingine mkononi mwake, adai fidia ya tofauti ya bei. Haki hiyo haihamishiki ikawa juu ya mwalimu mstaafu ambaye hakumjua dalali wala hakukila cha juu chake. Anaruhusiwa kuliuza, lakini aseme. Atapata pungufu, na upungufu huo anaudai kwa dalali, hapa au kwa Mola wake.

Na madalali wasikilize: cha juu si malipo ya kunyamaza. Fundi anayebadilisha kapeti huku akijua linafunika nini, naye ni mshirika, hata kama alilipwa ujira wa siku moja tu.

Shauri lilimalizika hivi. Muuzaji alilichukua gari, akarudisha theluthi moja ya fedha papo hapo na iliyobaki kwa awamu tano, mbele ya mashahidi. Awamu mbili zimekwisha kulipwa. Gari sasa linauzwa, likiwa limeandikwa wazi kwamba liliingia maji hadi kimo cha siti, na mafundi wawili wameshalitaka kwa ajili ya spea.

Kutokana na hayo, wazee wamependekeza mambo mawili kwa yeyote atakayeuziana gari ndani ya jamaa yetu. La kwanza ni muda wa siku 3 wa khiyari. Alikuwepo mtu zama za Mtume (S.A.W.) aliyekuwa akipunjwa sokoni, akaelekezwa ashurutishe kutokuwepo ulaghai, na katika baadhi ya mapokezi akapewa siku 3 za kuamua. Siku 3 zinatosha kulilaza gari juani, kuliendesha, na kulipeleka kwa fundi umeme. La pili ni karatasi yenye sentensi moja juu ya maji, ambayo muuzaji ataijaza kwa mkono wake: kwamba gari lenye namba ya chesisi iliyotajwa, kwa ujuzi wake, halijawahi kuingia maji ndani, au limewahi kuingia, hadi kimo gani na mwaka gani. Muuzaji asiyejua aandike kuwa hajui. Nayo ni habari kwa mnunuzi.

Nakala za karatasi hiyo zipo kwa katibu wa msikiti, bila malipo. Ndugu wawili mafundi umeme wamejitolea kukagua magari ya wenye nia ya kununua, kila Jumapili baada ya Swala ya Alasiri, nje ya geti la msikiti. Mnunuzi aje na muuzaji, na gari lije likiwa halijaoshwa.

Wabillahi tawfiq.